Jeni moja, paneli au damu? Kuchagua kipimo cha saratani ya mapafu hapa Nairobi

Kwenye dirisha la maabara ninayofanyia kazi kuna tundu dogo la kuongelea, na kupitia tundu hilo huwa naulizwa swali lile lile: "Daktari, sasa tupime kipi?" Mimi si daktari. Ni fundi wa histolojia. Nyama iliyotolewa kwa mgonjwa ikinifikia naifunga kwenye nta, naikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, nazipaka slaidi rangi, halafu mwanapatholojia anakaa kwenye darubini. Lakini Nairobi koti jeupe ni koti jeupe, na nimeshachoka kukanusha.

Majuzi alisimama pale kijana na bahasha ya kaki. Mama yake anaishi Kayole, hajawahi kushika sigara maishani, alikohoa miezi saba na kupewa dawa za TB kabla skani ya CT haijaonyesha uvimbe. Biopsi, yaani kipimo cha nyama iliyotolewa kwenye uvimbe, ikasema adenokasinoma, aina moja ya saratani ya mapafu. Kijana alikuwa na fomu tatu, akazipanga kwenye kaunta kama mtu anayecheza karata: moja ya kupima jeni ya EGFR peke yake, moja ya paneli ya jeni nyingi kwa mpigo, moja ya kipimo cha damu. Bei zake zilipanda kama ngazi. Kikundi cha WhatsApp cha familia kilikuwa kimegawanyika: mjomba aliye Marekani anasema paneli au basi, shangazi anataka damu kwa sababu haina sindano ya ubavuni, na pesa zilizokuwa kwenye simu ya kijana zilitosha ile ya EGFR tu.

Nilimjibu kwa dakika tano kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapa nina nafasi zaidi.

Jeni zenyewe, na watu wake

Saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja. Takriban asilimia 15 ni ya seli ndogo, ambayo hutibiwa kivyake na haya tunayozungumza hayaigusi sana. Zilizobaki ni zile zisizo za seli ndogo, na ndani yake adenokasinoma ndiyo nyingi na ndiyo yenye mabadiliko ya jeni ambayo yana dawa. Mabadiliko haya hutokea ndani ya pafu lenyewe, mtu akiwa tayari mtu mzima. Watoto wa mgonjwa wakiuliza kama nao wapimwe, jibu karibu kila mara ni hapana. Hili si jambo la kurithi kwa nyanya.

Majina ya dawa nayaandika yalivyo kwenye pakiti ili ukiyakuta duka la dawa usibabaike. Neno eksoni lina maana ya kipande cha jeni.

| Jeni | Huonekana zaidi kwa nani | Dawa zake |
|---|---|---|
| EGFR | Adenokasinoma, wanawake, wasiovuta sigara, watu wa asili ya Asia Mashariki | gefitinib, erlotinib, afatinib, osimertinib |
| ALK | Wenye umri mdogo kidogo, wasiovuta au waliovuta kidogo | crizotinib, alectinib, lorlatinib |
| ROS1 | Wanafanana na wale wa ALK | crizotinib, entrectinib |
| RET | Mara nyingi wasiovuta, umri mdogo kidogo | selpercatinib, pralsetinib |
| MET eksoni 14 | Wazee, wengi wamepita miaka 70 | capmatinib, tepotinib |
| BRAF V600E | Wavutaji na wasiovuta pia | dabrafenib pamoja na trametinib |
| KRAS | Hasa wavutaji | sotorasib na adagrasib, kwa aina ya G12C pekee |

Uzito wa jeni hizi haulingani. EGFR hupatikana kwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya wenye adenokasinoma Ulaya na Marekani, na karibu nusu yao kule Asia Mashariki. ALK ni asilimia 3 hadi 5 tu. ROS1 na RET ni asilimia moja au mbili kila moja. Hesabu hizi zilifanywa huko, hazikufanywa Kariobangi, kwa hiyo zichukue kama ramani ya mji jirani. Jambo moja lakini halibadiliki popote: jeni hizi kwa kawaida haziishi pamoja. Ukikuta EGFR, ni nadra kukuta ALK au KRAS kwenye uvimbe huo huo. Jeni ya kwanza kupatikana huwa imekufungia mjadala, na hilo lina faida utakapofika kwenye pesa.

Safu ya katikati ndiyo inayopotosha

Watu wengi wakiona jedwali kama hilo husoma safu ya katikati wakaridhika. "Mama havuti sigara, basi ni EGFR, tumpe vidonge." Au kinyume chake, "mzee alivuta miaka thelathini, kupima ni kutupa pesa." Yote mawili nimeyasikia, na la pili nimelisikia hata kutoka kwa watu waliosoma kunizidi.

Kwa kweli sura ya mgonjwa ndiyo iliyotangulia, jeni ikafuata. Gefitinib ilipoanza kutumiwa, madaktari waliona inawafanyia maajabu wachache tu, wengi wao wanawake, wasiovuta, wenye adenokasinoma, kutoka Asia. Sababu haikujulikana hadi 2004, ilipogunduliwa kwamba wengi wa waliosaidika vile walikuwa na badiliko kwenye EGFR. Kisha ukaja utafiti uitwao IPASS, uliochapishwa 2009. Ulichukua zaidi ya wagonjwa 1,200 wa Asia Mashariki, wote wa adenokasinoma, wote wasiovuta au waliovuta kidogo sana. Yaani walichaguliwa kwa sura. Sampuli 437 zilipopimwa jeni, 261 zilikuwa na badiliko la EGFR. Hiyo ni kama asilimia 60. Asilimia 40 waliobaki walikuwa na sura ile ile kabisa lakini jeni hawana.

Sasa tazama kilichowapata. Wenye badiliko walipopewa gefitinib, asilimia 71 walipungukiwa na uvimbe, wakati kemo iliwasaidia asilimia 47. Wasio na badiliko walipopewa gefitinib, aliyesaidika ni kama mmoja kati ya mia, na kemo ingewasaidia asilimia 23. Kwa hao, kidonge hakikuwa bure tu, kiliwapotezea muda wa kutibiwa.

Na upande wa pili wa sarafu: mwaka 2011 hospitali moja kubwa ya saratani ya New York ilichapisha hesabu ya wagonjwa zaidi ya 2,000 wa adenokasinoma. Waliokuwa na badiliko la EGFR walikuwa asilimia 52 ya wasiovuta, asilimia 15 ya walioacha sigara na asilimia 6 ya waliokuwa bado wanavuta. Wangepima wanawake wasiovuta peke yao, wangekosa asilimia 57 ya mabadiliko yote. Zaidi ya nusu! Ndiyo maana tangu 2013 mwongozo wa wanapatholojia unakataza kumnyima mtu kipimo kwa sababu ya sigara, umri au jinsia yake, ikiwa ana adenokasinoma iliyosambaa.

Kwa hiyo kazi ya sura ni kupanga foleni: ni jeni gani ianze kutafutwa, na ukikosa, uendelee kutafuta kwa bidii kiasi gani. Kuandika dawa ni kazi ya karatasi ya maabara.

Kamba moja ya nyama

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoishi.

Biopsi ya sindano kupitia ubavuni hutoa kamba ya nyama nyembamba kama tambi, urefu wake sentimita moja au mbili. Hiyo ndiyo mali yote. Ikishafungwa kwenye nta inaitwa bloku, kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja, na ndani yake utaona nukta ya kahawia. Naikata kwa mikroni nne au tano kila kipande. Slaidi ya kwanza ni ya rangi ya kawaida. Ya pili ni TTF-1, inayoelekeza kwenye adenokasinoma. Ya tatu ni p40, inayoonyesha kama ni skwamasi, aina nyingine ya saratani isiyo ya seli ndogo. Hapo mwanapatholojia mzuri husimama. Asiposimama, akaomba rangi nyingine kumi za kujihakikishia, nyama yote inaishia kwenye kuupa ugonjwa jina, na ya kutafutia dawa haibaki.

Kuna hasara nyingine ambayo wagonjwa hawaioni. Kila bloku inaporudi kwenye mashine ya kukatia, lazima niisawazishe uso upya kabla ya kupata kipande kizima. Ni kama randa ya seremala: maranda ya kwanza yanaanguka chini. Bloku iliyokatwa leo kwa EGFR, wiki ijayo kwa ALK, mwezi ujao kwa PD-L1 (rangi nitakayoieleza chini), imesawazishwa mara tatu. Ombeni slaidi zote zikatwe siku moja, hata kama pesa ya kipimo cha pili bado haijapatikana. Slaidi zisizopakwa rangi zinaweza kusubiri kidogo, na mara nyingi maabara haiwatozi sana kwa kuzikata.

Tena nyama huharibika kabla haijanifikia. Inatakiwa ikae kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama, ya asilimia 10 yenye bafa, kwa masaa 6 hadi 72. Niliwahi kuletewa kichupa kutoka hospitali fulani, nyama imekaa ndani siku tisa kwa sababu aliyezoea kuzipeleka sampuli alikuwa likizo na hakuna aliyeuliza. Kwa darubini saratani ilionekana vizuri kabisa. DNA ilikuwa imekatikakatika. Kipimo cha jeni kilirudi na neno moja, "haikutosha," na mgonjwa akadungwa tena. Sampuli za mfupa nazo huwekwa kwenye asidi ili zilainike, na asidi hiyo huimaliza DNA. Mkiwa na mahali pengine pa kutoa nyama, mfupa uwe wa mwisho.

Na maji ya kifuani. Mgonjwa amejaa maji, anatolewa chupa nzima wodini ili apumue, na yanamwagwa kwenye sinki. Maji hayo yakiletwa maabara tunayazungusha, seli zinakaa chini, tunazifunga kwenye nta na kupata bloku kama ya biopsi. Nimeona EGFR ikipatikana kwenye maji ambayo nusu saa kabla yalikuwa njiani kwenda kumwagwa.

Jeni moja dhidi ya paneli

Kipimo cha EGFR peke yake hutumia PCR, jamaa ya ile iliyotuingia puani wakati wa Korona. Kinahitaji nyama kidogo, majibu huja kwa siku chache, na katika fomu zile tatu ndicho rahisi. Hukamata vizuri mabadiliko mawili makuu, kukatika kwa eksoni 19 na lile la L858R kwenye eksoni 21, ambayo kwa pamoja ni takriban asilimia 85 hadi 90 ya mabadiliko yote ya EGFR. Udhaifu wake ni kwamba hujibu swali uliloulizwa tu. Baadhi ya mabadiliko ya eksoni 20 hukipita. ALK hakigusi kabisa.

Paneli husoma jeni makumi au mamia kwa mara moja. Inataka nyama zaidi, mara nyingi slaidi kumi hivi, na angalau sehemu ya tano ya seli zilizomo iwe ni za saratani. Nyingi husafirishwa nje ya nchi, hivyo weka wiki mbili hadi nne akilini. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza kwenye dirisha langu: je, paneli hii inasoma RNA (nakala ya jeni ambayo seli huifanyia kazi) pia, au DNA tu? ALK, ROS1 na RET si herufi moja iliyobadilika, ni jeni mbili zilizoungana kama mabehewa yaliyofungwa vibaya. RNA huuona muungano huo vizuri zaidi. Paneli ya DNA peke yake yaweza kuupita. Ukilipa bei ya paneli, lipa ile inayosoma vyote viwili.

Katikati ya hizo mbili kuna njia ambayo haina fomu yake, ila naipenda kuliko zote kwa mfuko wa kawaida: EGFR kwa PCR, pamoja na ALK kwa rangi. Rangi ya ALK ni slaidi moja tu, hufanyika hapa hapa mjini katika maabara kadhaa, na ikiwaka kahawia yenye nguvu inatosha kuanzishia dawa. ROS1 nayo ina rangi, ingawa hiyo ikiwaka lazima ithibitishwe kwa njia nyingine. Ukijumlisha, unakuwa umefungua milango miwili mikubwa kwa bei iliyo chini sana ya paneli.

Naona paneli ina maana kubwa zaidi pale mambo mawili yanapokutana: mgonjwa havuti sigara au ni mwenye umri mdogo, na EGFR na ALK zimeshakosekana. Hapo uwezekano wa kujificha ROS1, RET au MET ni wa kweli. Kwa mvutaji mzito ambaye EGFR na ALK hana, kinachowezekana zaidi ni KRAS, na sotorasib, iliyoidhinishwa Marekani 2021, huingia baada ya matibabu ya kwanza kushindwa, tena kwa G12C tu. Kujua KRAS leo hakutabadilisha atakachopewa leo.

Damu

Shangazi hakukosea kabisa. Saratani inapokufa na kuzaliana humwaga vipande vya DNA kwenye damu, na vipande hivyo vinaweza kusomwa. Hakuna sindano ya kifua, hakuna hatari ya pafu kutoboka, na majibu huweza kuja ndani ya siku saba hadi kumi. Mgonjwa aliye kwenye oksijeni, ambaye hakuna anayethubutu kumdunga, damu ndiyo njia yake.

Ila damu ina tabia ya shahidi mwenye aibu. Akisema "ndiyo, nimeona EGFR," mwamini, anzeni dawa. Akisema "sijaona kitu," hajasema hakuna. Uvimbe mdogo uliobaki kifuani, au uliokwenda kwenye ubongo peke yake, humwaga kidogo sana. Kati ya wagonjwa wenye badiliko lililothibitishwa kwenye nyama, damu huwakosa hata robo au theluthi yao. Majibu hasi ya damu lazima yarudi kwenye nyama, na hapo unakuwa umelipa mara mbili.

Muda wa kutoa damu nao una maana. Itolewe kabla ya matibabu kuanza, au ugonjwa unapoanza kukua tena. Ukiitoa katikati ya kemo inayofanya kazi, vipande vimepungua na utaambiwa hakuna. Chupa pia: zile za kawaida za kifuniko cha zambarau zinataka kuzungushwa ndani ya saa chache, la sivyo seli nyeupe za damu hupasuka na kumwaga DNA yake ya kawaida, ikaizamisha ile ya saratani. Kuna chupa maalumu zenye dawa ya kuzizuia zisipasuke, hukaa siku kadhaa. Sampuli yako ikitoka Kitengela kwenye boda hadi Upper Hill halafu ipande ndege, uliza ni chupa gani.

Mahali ambapo damu inanishinda hoja kabisa ni hapa: mgonjwa alikuwa anakunywa gefitinib au erlotinib, akakaa vizuri mwaka au zaidi, kisha ugonjwa ukarudi. Kwa nusu yao au zaidi sababu ni badiliko jipya liitwalo T790M, na osimertinib hulishinda. Kwa hao, damu kwanza. Isipoona, ndipo nyama.

Usipime kitu usichoweza kukinywea dawa, lakini angalia bei ya leo

Hili ni gumu na watu hulisema kwa kunong'ona. Kipimo cha maana ni kile ambacho jibu lake litabadilisha mnachofanya. Gefitinib na erlotinib zimekuwa na nakala za kiwanda za India kwa miaka sasa, na Shirika la Afya Duniani liliiingiza erlotinib kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, gefitinib na afatinib zikiwa mbadala wake. Hizo familia nyingi huzifikia kwa kujikaza. Osimertinib na alectinib ni ngazi nyingine.

Tofauti ipo. Katika utafiti wa FLAURA, walioanza na osimertinib walikaa miezi 18.9 kabla ugonjwa haujasonga, dhidi ya miezi 10.2 kwa gefitinib au erlotinib. Kuishi kwa jumla ilikuwa miezi 38.6 dhidi ya 31.8. Osimertinib pia huingia kwenye ubongo vizuri zaidi. Ikiwezekana, ndiyo. Isipowezekana, gefitinib kwa mwenye badiliko bado ni bora kuliko kemo, na kidonge kimoja cha miligramu 250 kwa siku humpa mtu nafasi ya kurudi kwenye shughuli zake badala ya kushinda kwenye kiti cha dripu. Ajiandae kwa vipele vya uso na kuhara.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa mwaka kwa familia, na 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Ulizeni kiwango cha sasa, na ulizeni kama kipimo cha jeni chenyewe kinalipiwa au ni cha mfukoni, kabla ya kusaini.

Jambo la pembeni ambalo kwa mji huu si la pembeni: rifampicin, dawa ya TB, huchochea ini kuvunja gefitinib, erlotinib na osimertinib haraka, zikabaki kidogo mwilini. Wagonjwa wetu wengi wanafika wakiwa bado na pakiti ya TB mkononi. Mwambieni daktari wa saratani. Na kwa erlotinib, sigara nayo hufanya vivyo hivyo.

Mtego wa PD-L1

PD-L1 si badiliko la jeni, ni rangi inayoonyesha kama dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumab, zina nafasi ya kufanya kazi. Majibu yake hutoka mapema kuliko ya paneli. Hapo ndipo mtego. Mama asiyevuta sigara anapata PD-L1 ya asilimia 80, kila mtu anashangilia, dripu ya kinga inaanza, wiki tatu baadaye EGFR inarudi ikiwa ipo. Wenye EGFR au ALK hawafaidiki sana na dawa hizo hata PD-L1 ikiwa juu, na osimertinib ikifuata mara baada yake hatari ya mapafu kuvimba inaongezeka. Mgonjwa akiwa hawezi kusubiri, madaktari wengi huanza na kemo peke yake duru ya kwanza, kisha huamua jeni zikishafika.

Ningechagua nini

Mama wa Kayole: bloku yake ilikuwa na nyama ya kutosha, nikaiona mwenyewe. EGFR na ALK pamoja, kutoka mkato mmoja, na slaidi kumi zihifadhiwe. Zikikosekana zote mbili, hapo harambee ya paneli ina haki ya kuitishwa, kwa sababu kwa asiyevuta kama yeye nafasi ya kupata kitu ni kubwa.

Mzee wa miaka 66 wa Gikomba, mvutaji, adenokasinoma: EGFR, ALK na PD-L1. Asiondolewe kwenye foleni kwa ajili ya sigara. Paneli isubiri.

Kijana wa miaka 34, tena asiyevuta: moja kwa moja paneli yenye RNA ikiwa uwezo upo, au rangi ya ALK kesho asubuhi ikiwa haupo. Wenye ALK waliopewa lorlatinib, asilimia 60 walikuwa hawajaona ugonjwa kusonga mbele baada ya miaka mitano. Kwa saratani iliyosambaa, hiyo ni hesabu ambayo sikuwahi kuiwazia nilipoanza kazi hii.

Skwamasi kwa mvutaji wa siku nyingi: PD-L1, na pesa nyingine ziende kwenye matibabu. Seli ndogo: usinunue paneli, hata ukibembelezwa.

Aliyefanyiwa upasuaji uvimbe ukatoka wote, akaambiwa yuko sawa: apime EGFR bado. Kwa wenye badiliko, osimertinib baada ya upasuaji iliwafikisha asilimia 88 kwenye mwaka wa tano wakiwa hai, dhidi ya 78 waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Kijana aliondoka na fomu moja aliyoandikiwa upya na daktari, ya EGFR na ALK. Akarudi siku tatu baadaye kuchukua bloku ili ipelekwe maabara ya pili. Njoo na kitambulisho na barua ya daktari, hatuitoi kwa mdomo. Ipokee ikiwa na namba iliyoandikwa kwenye kando, uilinganishe na ripoti herufi kwa herufi. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari ikiwa unapitia kwanza Eastleigh na jua limewaka: nta ile huyeyuka kwenye nyuzi sitini hivi, na dashibodi ikipigwa jua la saa nane mchana nyuma ya kioo inaweza kukaribia huko.